Uliza Tukujibu: Hawa Wachina wanaocheza polepole, ni ngumi au ni maombi?

Wasomaji wangu, toleo lililopita niligusia tai chi, ule mchezo wa Kichina wa kupigana unaochezwa polepole, kwa mistari michache tu, nikadhani imepita, kumbe simu haijapoa mpaka leo. Maswali yametoka Bwaise, Bombo, Mukono, Arua, Jinja, mengine kwa sauti kwenye Watsapu, mengine marefu kuliko hili jibu lenyewe. Nimechagua machache. Mi nilianza mwaka 2013 kwa fundi mmoja Mchina wakati ile ekspresiwei ya Entebbe inajengwa, tulikuwa tunasimama kwenye udongo mwekundu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla greda hazijaanza kunguruma, na tangu hapo sijaacha. Kwa hiyo nawajibu kwa nilichosoma na kwa nilichofanya na miguu yangu mwenyewe.

Swali: Kijana, Bwaise
Mkubwa habari. Huku kwenye kibanda cha video tumebishana mpaka usiku. VJ, yule anayetutafsiria filamu, alisema tai chi ilianzishwa na mtawa mmoja wa mlimani alipoona nyoka na ndege wanapigana. Rafiki yangu anasema hapana ilitoka Shaolin. Tumewekeana soda kreti nzima, nani mkweli?

Jibu: Mdogo wangu, kreti irudi dukani, nyote mmekosa. Huyo mtawa anaitwa Zhang Sanfeng wa milima ya Wudang, na hadithi ya nyoka na korongo ni tamu kweli, hata fundi wangu alinisimulia hiyo kabla ya kunionyesha hatua ya kwanza, lakini ni hadithi. Maandishi ya kwanza kumuunganisha Zhang Sanfeng na upiganaji ni ya mwanachuoni Huang Zongxi, mwaka 1669, aliyaandika kwa ajili ya kaburi la mpiganaji mmoja aliyemfahamu, na hata humo jina la tai chi halipo. Jina lenyewe taijiquan lilishika karne ya 19. Shaolin nayo iko Henan, mkoa mmoja na kijiji nitakachokitaja sasa hivi, ndo maana watu wanachanganya.

Ukifuata nyayo zinazoonekana zinakupeleka kwenye kijiji cha wakulima kinaitwa Chenjiagou, wilaya ya Wen, Henan, kaskazini mwa Mto Manjano. Kijiji cha ukoo mmoja, ukoo wa Chen. Mzee wao wa kizazi cha tisa, Chen Wangting, alikuwa mtu wa vita, utawala wa Ming ulipoanguka mwaka 1644 akarudi nyumbani, akawa analima, anasoma, anafundisha watoto na wajukuu. Sasa angalia alichoweka ndani. Karne moja kabla yake kulikuwa na jenerali Qi Jiguang, yule aliyepigana na maharamia wa pwani, huyu aliandika kitabu cha kufundisha askari na ndani yake kuna mikao 32 ya ngumi, na watafiti walipolinganisha na fomu za kina Chen, yaani ule mfululizo wa hatua zilizopangwa, wakakuta 29 imo. Yaani mizizi yake imo kambini, kwa askari wa kawaida waliotolewa mashambani. Mtu aliyefunga safari mpaka kijijini kutafuta ushahidi huo ni Tang Hao, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na watu wa Wudang mpaka leo hawajamsamehe.

Kingine cha kuwaambia wenzako kibandani: kwa miaka mingi ukoo ulikuwa haufundishi mtu wa nje. Aliyeutoa mchezo kijijini ni Yang Luchan, aliyezaliwa 1799, mtu wa Yongnian mkoa wa Hebei, alifundishwa na mzee Chen Changxing. Kuna wanaosema alikuwa anachungulia kwa kuvizia usiku, hiyo nayo iacheni kwa VJ. Yang akaenda Beijing akafundisha wakubwa wa Kimanchu, watu waliokuwa wanatawala China wakati huo, watu wakampa jina la Yang Asiyeshindwa. Afu mjukuu wake Yang Chengfu (1883 hadi 1936) akaupanga mchezo upya, akapunguza kuruka na mapigo ya ghafla, mwendo ukawa mmoja tu, laini, mpana, na hiyo ndo tai chi mnayoiona kwenye bustani dunia nzima. Mwaka 1956 serikali ya China ikakata fomu fupi ya hatua 24 kutoka huko kwa kina Yang ili raia wote waweze kujifunza. Desemba 2020 UNESCO nayo ikaiandika kwenye urithi wa binadamu.

Swali: Askari mstaafu, Bombo
Ndugu mwandishi, mimi nimecheza ngumi jeshini miaka tisa. Huyo mtu wako wa polepole nikimpa konde moja la kulia atalala mpaka jioni. Mbona mnadanganya vijana kwamba hiyo ni sanaa ya kupigana?

Jibu: Afande, nakuheshimu na sitakubishia bure. Wengi wanaojiita mabwana wa tai chi ungewalaza kweli. Aprili 2017 mjini Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa ule mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, alikutana na Wei Lei, mtu aliyekuwa anajitangaza kuwa bwana wa tai chi, na jambo lilikwisha chini ya nusu dakika, Wei Lei yuko chini anakula ngumi. China nzima iliona. Wengine walikasirika, mi nilifurahi, kwa sababu kulikuwa na uongo mwingi sana umejificha nyuma ya neno tai chi: watu wanaangusha wanafunzi bila kuwagusa, wanafunzi wenyewe wanaruka kwa heshima ya mwalimu. Mtu ambaye hajawahi kupigwa na mtu asiyempenda hajui kupigana, hata awe na fomu nzuri kiasi gani. Bondia wetu Ayub Kalule alipochukua ubingwa wa dunia wa WBA kule Japani mwaka 1979 hakupewa kwa hadithi, alipigwa na akapiga.

Lakini afande usiishie hapo. Tai chi ya kijijini haiko polepole yote. Kina Chen wana fomu ya pili wanaiita ngumi ya mizinga, ile mizinga ya vita, na jina lake halikukosewa, kuna kuruka, kukanyaga chini kwa kishindo, na ile wanaita fajin, nguvu inayotoka ghafla kutoka mguuni ikapita kiunoni ikatokea kwenye kiwiko au bega kama mjeledi unaopiga mlio. Bega, kiwiko, nyonga, vyote ni silaha. Na kazi yake ya asili ni ya karibu, kifua kwa kifua, kumvunjia mtu usawa afu kumtupa, ni ndugu wa mieleka kuliko wa ndondi. Mkikaa umbali wa ndondi we una faida, ukishikwa mkono wa shati karibu na ukuta hesabu inabadilika.

Daraja la kati ya fomu na kupigana linaitwa tuishou, kusukumana mikono. Wawili mnasimama mguu mmoja mbele, mikono imegusana, mnazungusha. Unachotafuta ni kusikia, na Wachina wenyewe wanatumia neno hilohilo kusikiliza, unasikiliza kwa ngozi uzito wa mwenzako uko wapi, akikusukuma humkatazi, unageuza kiuno kidogo nguvu yake ipite pembeni, na pale anapojikuta amezidi mbele ndo unamsaidia kuendelea kuanguka. Wana msemo wa liang nne kuhamisha jin elfu moja, kwa vipimo vyao vya leo ni gramu 200 kuhamisha kilo 500. Si muujiza, ni kama kumtelezesha mtu ambaye tayari anateleza. Mara ya kwanza fundi wangu kunifanyia hivyo nilikuwa na kilo kama ishirini zaidi yake, nikasukuma kwa hasira kabisa, sikukuta kitu, nikajikuta nimepiga magoti kwenye kifusi. Sasa shida ni kwamba wengi wanaishia hapo kwenye kusukumana kwa adabu na hawaendi mbele kwenye kupigana kwa kweli, na hapo we uko sahihi moja kwa moja.

Swali: Mama, Mukono
Mwalimu mimi ni mlokole. Binti yangu amejiunga na kikundi cha tai chi chuoni. Mchungaji ametuambia kuna mapepo ya Kichina ndani ya hiyo chi. Nimtoe au nimwache?

Jibu: Nnyabo, swali lako ni la haki na silichukulii kirahisi. Neno taiji, ndo hiyo tai chi, ni la falsafa ya Kichina, ni ule mduara mweusi na mweupe, yin na yang, maana yake kila kitu kina upande wa pili na hizo pande mbili zinabadilishana, mchana na usiku, kuvuta pumzi na kuitoa. Quan ni ngumi. Watu wa dini ya Udao wanalitumia sana hilo wazo lakini na wasomi wengine wa China walilitumia, na walioujenga huu mchezo waliazima lugha hiyo kueleza mwili: uzito mguu huu mwingine mtupu, mkono huu unapokea mwingine unatoa. Ndani ya fomu hakuna sala, hakuna jina la mungu yeyote linalotajwa. Ile salamu ya ngumi ya kulia kufunikwa na kiganja cha kushoto ni salamu ya wapiganaji kama sisi tunavyopeana mkono.

Na ile chi aliyoitaja mchungaji? Hiyo ni neno lingine, si ile chi ya kwenye jina tai chi. Wachina wa zamani walitumia neno hilo kwa pumzi, kwa hewa, kwa uhai wa mwili, hata hasira wanaielezea kwa chi. Mwalimu akisema peleka chi tumboni, kwa vitendo anakwambia shusha pumzi usipumulie kifuani. Mi nimefanya miaka yote hii na Jumapili niko kanisani, na wenzangu wawili tunaofanya nao ni Waislamu, wanamaliza swala ya alfajiri ndo wanakuja.

Ila sitakuficha kitu. Kuna sherehe ya zamani ya mtu kupokelewa kuwa mwanafunzi wa ndani wa ukoo, na humo kuna kupiga magoti na sehemu nyingine kuwasha ubani mbele ya picha za wazee waliotangulia. Hiyo si lazima ili mtu ajifunze. Nenda ukakae siku moja uangalie wanachofanya, muulize mwalimu wao mbele ya binti yako, kuna kuinamia picha? Akisema ndiyo, binti aseme kwa adabu kwamba yeye atatoa salamu ya ngumi tu. Mwalimu mwenye akili atakubali, na asiyekubali huyo mkimbieni hata kama hakuna pepo.

Swali: Bodaboda, Arua
Kaka, nakaa kwenye piki saa kumi na mbili kwa siku, mgongo wa chini unauma mpaka usingizi sipati. Huku kwetu hakuna mwalimu wa hii kitu. Naanzia wapi? Na mbona mnaenda polepole hivo, si nitachoka kusubiri?

Jibu: Kaka, kwanza kama maumivu yanashuka mguuni, au miguu inakufa ganzi, au umepoteza nguvu sehemu, nenda hospitali kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni ule uchovu wa kukaa na mashimo ya barabara, endelea kusoma.

Kuhusu polepole we ndo utanielewa haraka kuliko wote. Mtu yeyote anaweza kuendesha piki kwenye lami iliyonyooka kwa kasi, piki inajisimamia yenyewe. Sasa mwambie apite sokoni siku ya soko, katikati ya mikokoteni na mama wa mihogo, mwendo wa konokono, abiria nyuma na mzigo mbele, bila kuweka mguu chini. Hapo ndo unajua dereva ni nani. Mwili ni hivohivo, ukienda haraka mwendo unaficha makosa, ukienda polepole kila kosa linatokea waziwazi, goti linaloingia ndani, bega lililopanda, pumzi uliyoibana bila kujua.

Anza na kusimama. Nasema kusimama tu, na nisamehe kama inaonekana ni dogo, ndo jambo gumu kuliko yote niliyofundishwa, wiki sita za mwanzo fundi hakunipa kingine. Miguu upana wa mabega, vidole vya mguu vinaangalia mbele. Legeza magoti kidogo, afu shusha makalio kama vile unataka kukaa kwenye kigoda afu ukaghairi katikati, hapo mgongo wa chini unafunguka, utausikia. Kichwa kama kimefungwa uzi juu, kidevu ndani kidogo. Mikono nyanyua mbele ya kifua kama umekumbatia jerikeni ya lita ishirini, viwiko viwe chini kuliko viganja, mabega yaanguke. Pumua kwa pua, tumbo lijae na kutulia. Dakika tatu za mwanzo zitakuwa ndefu kuliko safari ya Arua Kampala. Mapaja yatatetemeka, hiyo ni sawa kabisa, goti likiuma hiyo si sawa, inuka juu kidogo. Ongeza dakika moja kila wiki, usiwe na papara, ukifika kumi na tano we si mtu yule wa zamani.

Cha pili ni kuhamisha uzito. Ukiwa umesimama hivyo, peleka uzito mguu wa kulia polepole mpaka wa kushoto uwe mwepesi kiasi kwamba ukitaka unaunyanyua bila mwili kuyumba, afu rudi upande wa pili. Kichwa kisipande wala kisishuke, kama umebeba ndoo. Ukihama unakunja pale kwenye kiungo cha nyonga, pale suruali inapokunjika ukikaa. Madereva wa boda hapo pamefunga kama kufuli kwa sababu mnakaa siku nzima nyonga zimejikunja, na nyonga zikifunga mgongo ndo unalipa deni.

Cha tatu, mkono mmoja wa kina Chen, wanaita kuvuta uzi wa hariri. Hariri inatolewa kwenye kifuko cha kiwavi uzi mmoja mrefu sana, ukivuta kwa ghafla unakatika, ukilegeza unajifunga. Kama umewahi kumwona mvuvi wa Panyimur na mshipi wake una samaki mkubwa, ni ile ile. Simama miguu mipana kidogo, mkono mmoja kiunoni, mwingine unazunguka duara kubwa mbele yako, lakini mkono haujipeleki wenyewe, kiuno kinageuka kwanza, bega linafuata, kiwiko, kiganja cha mwisho, na kiganja kinajipindua kidogo njiani. Kumi kulia kumi kushoto. Fanya steji ukisubiri abiria, watakucheka siku tatu, ya nne watakuuliza.

Ukikaa na hayo matatu miezi miwili ndo utafute fomu ya hatua 24 kwenye Yutyubu, ukiifuata yote ni kama dakika tano au sita. Chukua hatua moja kwa wiki usichukue tano. Zina majina ya kupendeza, kugawanya nywele za farasi mwitu, korongo mweupe anatandaza mabawa, mikono kama mawingu, na kila moja ndani ina kazi, ile ya farasi mguu wako umeingia nyuma ya mguu wa mtu na mkono unamvukisha juu ya paja lako. Jua hiyo kazi hata kama hutaki kupigana na mtu, ukiijua mkono unajua unakwenda wapi, usipoijua unapunga hewa. Na ukija Kampala siku moja nitafute kupitia ofisi ya gazeti, nikuangalie magoti, mtu mwingine kukuangalia hakuna video inayofikia.

Swali: Bibi, Jinja, miaka 61
Mwanangu, magoti yangu yamekwisha, daktari ameniambia ni mifupa kusagana. Wajukuu wananionyesha hii tai chi kwenye simu. Si nitajimaliza kabisa?

Jibu: Mama yangu, pole sana. Nikujibu na utafiti kwanza kwa sababu hapa upo. Mwaka 2016 Wamarekani walitoa matokeo ya watu 204 wenye magoti kama yako, nusu walifanya tai chi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, nusu walipelekwa kwa wataalamu wa mazoezi ya tiba ya viungo, mwisho maumivu yalipungua kwa wote karibu sawa. Na mwaka 2019 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kiliiweka tai chi kwenye orodha ya mambo wanayoyasisitiza kwa wagonjwa wa goti na nyonga. Kwa wazee pia inasaidia kupunguza kuanguka, na we unajua kuanguka kwa umri huo kunaweza kuleta nini.

Lakini magoti yanaharibika pia kwa tai chi mbaya, nimeona. Goti lielekee pale kidole cha mguu kinapoelekea, siku zote, na lisipite mbele ya vidole. Ukitaka kugeuza mguu toa uzito kwanza afu geuza kwa kisigino, usisage goti likiwa limebeba mwili. Usishuke chini kama hao vijana wa kwenye simu, simama juu, karibu wima, faida ipo bado. Weka kiti karibu uwe unashika. Na usifanye kwenye zulia linaloteleza. Mwonyeshe daktari wako hizo video kabla ya kuanza, mwambie nataka hii, aseme mwenyewe wapi usipite.

Maswali mafupi

Mliouliza rangi za mikanda: kwa desturi haina mikanda, China wana ngazi zao za siku hizi lakini kijijini ulijulikana kwa kugusana mikono. Fulana na suruali isiyobana inatosha, na kiatu chenye soli nyembamba, yale mabuti makubwa yanakunyima kusikia chini.

Aliyeuliza kutoka Tororo kama mtoto wa miaka saba anaweza: anaweza, ila usimsimamishe dakika kumi kama nguzo atachukia. Mpe kuruka, mpe mateke, mpe kusukumana na mwenzake kwenye majani nani anatoka kwenye mstari. Kule Chenjiagou nako watoto wanaanza wadogo.